SOMO LA AFYA: MIMBA ZABIBU

Pengine mmewahi kumsikia mama akisema, "Nilikuwa na mimba lakini hapakuwa na mtoto." Wengine humcheka, wengine husema amerogwa. Kumbe alikuwa anaeleza ugonjwa wa kweli. Wengi wetu zabibu tunazijua kwa Biblia tu. Basi fikiria kichala cha vifuko vidogo vyenye maji, vimejaa tumboni mahali pa mtoto.

Inakuwaje? Mimba inapotungwa na kasoro, kondo la nyuma huota ovyo kama uvimbe, na mara nyingi mtoto hafanyiki kabisa. Si laana, wala si kosa la bwana au bibi. Haitokei mara nyingi. Yeyote anaweza kupatwa, lakini zaidi wasichana wadogo sana na akina mama waliopita miaka 40.

Dalili yake kubwa ni kutoka damu katika miezi ya kwanza, pengine pamoja na vile vifuko. Mama anaweza kutapika kupita kiasi, na tumbo likawa kubwa kuliko miezi yake. Presha ikipanda kabla ya mwezi wa tano, hiyo pia ni ya kushuku. Kipimo cha mkojo kitasema ana mimba, na ni kweli, kwa hiyo hakitoshi. Inatakiwa picha ya altrasaundi na kipimo cha damu cha homoni ya mimba, ambayo mara nyingi hupanda mno. Akitokwa na kitu nyumbani, msikitupe chooni. Kitieni katika chombo safi mwende nacho hospitali.

Matibabu ni kusafisha tumbo la uzazi kwa mashine ya kuvuta, hospitalini. Dawa za kienyeji za kusukuma zinaweza kumwaga damu mpaka mama afe.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo wengi hupotea. Akishasafishwa mama hujiona amepona, naye harudi kliniki. Nauli nayo ni shida, tunajua. Lakini mabaki yanaweza kuota tena, na pengine kugeuka kansa inayokimbilia mapafuni, akaanza kukohoa damu. Kwa hiyo homoni hupimwa kila wiki moja au mbili mpaka iishe, halafu kila mwezi kwa muda atakaoambiwa. Wakati huo asishike mimba. Mimba mpya huleta homoni ile ile, na daktari hatajua kama ni mtoto au ni ugonjwa umerudi. Azungumze na muuguzi juu ya njia ya kupanga uzazi. Koili ingoje mpaka homoni iishe.

Hata ikiwa kansa, asikate tamaa. Mwaka 1956, huko Marekani, madaktari Min Chiu Li na Roy Hertz walimtibu mama ambaye kansa hii ilikuwa imefika mapafuni. Walitumia dawa iitwayo methotrekseti, akapona. Dawa hiyo inatumika mpaka leo, na wanaowahi karibu wote hupona, wengi wakazaa baadaye. Anayetibiwa nayo asimeze vidonge vya foliki bila kumwuliza daktari.

Kansa hii huweza pia kufuata mimba iliyoharibika au uzazi wa kawaida. Mama aliyejifungua akiendelea kutoka damu wiki nyingi, apimwe.

Ya kujadiliana kikundini:
1. Je, mfuko wa kikundi unaweza kumlipia mama nauli ya kurudi kliniki mpaka amalize vipimo?
2. Nani atamweleza mume wake kwa nini wangoje?