MTAMBUE PANZI KABLA YA KUMWUA

Mkulima wa Bunju, Mbweni, Chamazi au Mbagala, ukiona panzi katika mihogo au mchicha wako, usikimbilie dawa. Panzi si wa namna moja. Wengi hula nyasi tu, na mchicha uliopigwa dawa leo ukauzwa sokoni kesho huweza kudhuru watu kuliko panzi wenyewe. Mkamate mmoja kwanza, alfajiri, wakati baridi imemfanya mzito.

Tazama vipapasio vyake. Vikiwa vyembamba kama uzi na virefu kupita mwili, huyo ni wa jamaa ya senene, wale wanaoliwa Bukoba. Vikiwa vifupi, ni panzi hasa. Vunjajungu, mwenye miguu ya mbele iliyokunjwa, mwache: yeye hula wadudu.

Adui wa mihogo ni yule anayenuka, ambaye wataalamu humwita Zonocerus elegans. Aliyekomaa ana urefu wa sentimita 3 hadi 5, na rangi ya majani mabichi iliyokoza, pamoja na mistari myeusi, ya manjano na ya chungwa. Hata vipapasio vyake vina pete za rangi. Wengi wao wana mabawa mafupi, hawawezi kuruka angani. Watoto wake ni weusi wenye madoa ya manjano au meupe, nao hukaa kwa makundi juu ya magugu. Hapo ndipo pa kuwamaliza: kung'uta tawi lote ndani ya ndoo ya maji ya sabuni. Ukingoja mpaka watawanyike, watakula majani ya muhogo, kisha watamenya ganda bichi la shina. Majike hutaga udongoni, wengi mahali pamoja, kwenye kivuli cha vichaka. Weka alama hapo, na wakati wa kiangazi upachimbue mayai yapate jua.

Nzige ni habari nyingine. Huyu hupita sentimita 6, mabawa yake hupita tumbo, na kati ya miguu ya mbele ana kijiti kama mwiba. Panzi wengine wakubwa pia wanacho, basi mmoja asikutishe. Lakini nzige wa jangwani waliingia kaskazini ya Tanzania mwaka 2021, na nzige wekundu wana mazalio yao Rukwa. Ukiona wengi wakiruka pamoja, tia wachache katika chupa, umpelekee Bwana Shamba wa kata siku hiyo hiyo, ukimwambia mtaa, saa, na upande walikoelekea.