Njia Kwanza, Mwangwi Baadaye

Chumba kimoja, kompyuta, mikisa ndogo na magodoro ukutani: studio nyingi za mitaani huanza hivyo, iwe Maili Moja, Kibaha, au Kisarawe baada ya vilima vya Pugu. Siku prosesa ya efekti inaponunuliwa, kila mtu anataka kuisikia. Vitufe vinazungushwa, na mwimbaji anasikika kama ametumbukia kisimani. Prosesa haina kosa. Sauti haijatengenezewa njia ya kupita.

Chagua njia

Njia ni mbili. Ya kwanza ni tundu la INSERT: sauti yote hutoka kwenye chaneli, hupita ndani ya prosesa, kisha hurudi. Hii hufaa kompresa na visahihisha sauti.

Ya pili ni AUX: sauti kavu hubaki kwenye chaneli yake, na nakala yake tu ndiyo hutumwa kwenye prosesa. Riverbu (mvumo kama wa chumba) na dilei (mwangwi unaojirudia) zinataka njia hii, kwa sababu prosesa moja itahudumia mwimbaji, kinanda na ngoma, kila mmoja kwa kipimo chake.

Kwa njia ya AUX, fanya hivi:

1. Punguza sauti ya spika kabla ya kugusa waya.
2. Toa waya kwenye AUX ya mikisa uuingize kwenye INPUT ya prosesa.
3. Rudisha OUTPUT ya kushoto na ya kulia kwenye RETURN, au kwenye chaneli mbili zilizo wazi.
4. Weka MIX ya prosesa kwenye asilimia 100, itoe efekti tupu. Sauti kavu tayari iko kwenye mikisa.
5. Ukirudishia kwenye chaneli, funga AUX ya chaneli hizo. Usipofunga, sauti itajizungusha yenyewe mpaka ipige mluzi.
6. Mwimbaji aimbe kwa nguvu zake zote. Taa nyekundu ikiwaka kwenye prosesa, punguza kiasi kinachotumwa.

Ndani ya prosesa pia kuna njia. Dilei ikitangulia riverbu, kila mwangwi utatandazwa na riverbu; hufaa wimbo wa taratibu. Zikienda sambamba, kila moja hufanya kazi peke yake na maneno hubaki wazi.

Sasa yumbisha sauti

Modulesheni ni mkono usioonekana unaozungusha kitufe kwa niaba yako, huku na huku bila kuchoka. Uamuzi wako ni mambo matatu: uyumbishe nini, kwa kasi gani (RATE), na kwa kina gani (DEPTH). Ukiyumbisha ukubwa wa sauti, unapata tremolo. Ukiyumbisha dilei fupi, ya milisekunde 20 hivi, na kuichanganya na sauti kavu, unapata korasi, na sauti moja husikika kama waimbaji wawili. Anza na kasi ya hezi 0.5, yaani mzunguko mmoja kila sekunde mbili, na kina kidogo. Kina kikizidi, mwimbaji atasikika kama ametoka nje ya ufunguo ilhali kosa ni lako.

Piga hesabu ya mapigo

Ili dilei ifuate wimbo, gawa 60,000 kwa idadi ya mapigo kwa dakika. Jibu ni milisekunde za pigo moja. Bongo Fleva ya mapigo 96 hutoa milisekunde 625. Singeli, ambayo huweza kufika mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, ni habari nyingine: kwa mapigo 240, pigo zima ni milisekunde 250, na nusu yake 125. Dilei iliyopendeza kwenye Bongo Fleva, hapa itamkanyagia msanii maneno yake. Riverbu nayo iwe fupi, izimike kabla ya mstari unaofuata. Ukitaka modulesheni ifuate pigo, gawa mapigo kwa 60 upate hezi: 240 hutoa hezi 4.

Ukirekodi mdundiko wa Wazaramo, kumbuka ngoma hiyo ni ya kutembea nje, njiani. Iongezee riverbu kidogo tu.

Mwisho, bonyeza BYPASS usikilize bila efekti. Wimbo ukipoteza kitu, efekti ibaki. Wimbo ukipata nafuu, ipunguze. Kisha hifadhi mipangilio kwenye kumbukumbu ya prosesa na uiandike daftarini. Umeme ukikatika, daftari halizimiki.