Wakulima Wazima na Somo la Uongozi

Wasomaji wetu wengi ni wanachama wa vyama vya wakulima, nao wajua jinsi chama kinavyokufa. Si ukame peke yake ukiuao, wala si bei kushuka peke yake. Mara nyingi mwenyekiti hajui kuendesha baraza, mwandishi haweki daftari sawasawa, na wanachama huona haya kuuliza fedha zao zimekwenda wapi. Jembe wote walijua, kuongozana hawakufundishwa. Basi twataka kueleza habari za nchi moja ambayo wakulima wake walijifunza kazi hiyo wakiwa watu wazima, ili tupime lipi latufaa.

Nchi hiyo ni Denmark, iliyo kaskazini mwa Ulaya. Hapo kale wanaume wengi wa mashambani walifungwa na sheria wasihame katika shamba la bwana walikozaliwa. Sheria hiyo ilivunjwa mwaka 1788, na mwaka 1849 nchi ikapata katiba, wakulima wengi wakapewa haki ya kupiga kura. Lakini mtu aliyezoea kuamriwa tangu babu zake hawi kiongozi siku moja kwa kupewa kura.

Kasisi mmoja, jina lake Grundtvig, aliyeishi tangu 1783 hata 1872, aliliona jambo hilo mapema. Alitaka watu wazima wafundishwe kwa maneno ya kinywa na kwa mazungumzo, katika lugha ya kwao, pasipo kukaririshwa vitabu wala kutishwa na mtihani. Chuo cha kwanza cha namna hiyo kilifunguliwa mahali paitwapo Rødding mwaka 1844. Mwaka 1851 mwalimu Kristen Kold, mwana wa fundi wa viatu, akafungua chake huko Ryslinge, katika kisiwa cha Fyn. Aliishi na wanafunzi wake nyumba moja, akala nao chakula kile kile. Kwanza Kold alidhani kwamba vijana wa miaka 14 ndio wafaao kufundishwa; Grundtvig akamshauri angoje watimize miaka 18. Baada ya kufundisha, Kold akakubali kwamba mzee alisema kweli. Nasi hatuoni ajabu, maana mtu aliyekwisha kulima, kukopa na kupata hasara huja chuoni na maswali yake mwenyewe.

Vijana wa kiume walikwenda chuoni wakati wa baridi, mashamba yanapolala. Wasichana wakaenda wakati wa joto. Walijifunza historia ya nchi yao, kuandika, hesabu, nyimbo, na kusema mbele ya watu. Hawakupewa cheti cha kutafutia kazi mjini. Muda ukiisha, walirudi shambani.

Miaka ya 1870 na iliyofuata ikaja taabu. Nafaka rahisi kutoka Marekani na Urusi ilijaa katika masoko ya Ulaya, bei ikaanguka. Wakulima wa Denmark wakageukia ng'ombe, lakini mtu mwenye ng'ombe wachache alisukasuka maziwa yake nyumbani, na siagi yake ikapata bei ndogo kuliko ile ya mashamba makubwa. Mwaka 1882, katika kijiji cha Hjedding, majirani wakaungana kujenga kiwanda kimoja chenye mashine ya kutenga mafuta ya maziwa. Kila mtu aliahidi kuleta maziwa yake yote, ila yale ya kunywa nyumbani, na faida ikagawanywa kwa kadiri ya maziwa aliyoleta. Katika vyama vingi vilivyofuata kura ilihesabiwa kwa vichwa vya watu, si kwa vichwa vya ng'ombe. Mwenye ng'ombe wawili alikuwa na kura moja, na mwenye ng'ombe arobaini kura moja vile vile.

Wasomaji waangalie neno hili vema. Mashine yaweza kununuliwa na mtu ye yote mwenye fedha. Kisichonunuliwa ni mtu wa kuaminiwa na maziwa ya wenzake: mtu awezaye kumwambia jirani, au hata shemeji yake, kwamba maziwa yake yametiwa maji, na kesho yake wakasalimiana. Hatusemi kwamba vyuo peke yake vilileta siagi na fedha, lakini wengi walioketi katika kamati za vyama hivyo walikuwa wamepitia humo.

Wala jambo hili si geni kwetu. Uswidi ilifuata mfano wa Denmark tangu mwaka 1868. Nayo Tanzania, iliyoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi mwaka 1975 kwa kuangalia vyuo vya Uswidi.

Chama kisicho na chuo karibu chaweza kuanza chini ya mwembe, baada ya mavuno. Kwanza, uenyekiti wa mafunzo uende kwa zamu, mwanamke kwa mwanamume, ili kila mmoja ajifunze kumpa mwenzake nafasi ya kusema na kumnyamazisha asemaye kupita kiasi. Pili, daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote, na kila mwanachama aulize swali moja, hata dogo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilosomwa ni sawa na kukosa daftari. Tatu, wakishindana juu ya bei au mbegu, kila upande urudie kwanza maneno ya upande wa pili hata wenyewe wakiri, "Ndivyo tulivyosema". Ndipo upande huo ujibu.

Mtu akifanya hivyo misimu miwili au mitatu, haya itamtoka. Siku mweka hazina atakaposema hesabu imepotea, hatainamisha kichwa na kunung'unika njiani akirudi nyumbani. Atasimama aseme kwa adabu, "Ndugu mwenyekiti, naomba daftari lisomwe tena tangu mwanzo." Siku hiyo chama kimepata kiongozi, hata kama hajachaguliwa.