SOMO: MAJIRA YA VALVU NA OILI KATIKA GARI LA CHAMA



Katika kukagua hesabu za chama kimoja cha msingi upande wa Handeni, nilikuta hati ya malipo ya injini iliyotumika. Gari la chama lilikuwa likigonga asubuhi na kukosa nguvu mlimani. Fundi akasema injini imekufa, na viongozi wakaidhinisha. Baadaye fundi mwingine alipoifungua injini ile ya zamani, aliikuta bado nzima, ila oili iliyoganda ilikuwa imeziba chujio moja dogo. Daftari la gari halikuwa na tarehe hata moja ya kubadili oili. Fedha iliyopotea ilitokana na mahindi ya wanachama. Kwa hiyo inatupasa kuifahamu mashine hii.

Silinda huvuta hewa na kutoa moshi kwa njia ya valvu. Valvu hufunguliwa na kamshafti, nayo huzungushwa na krankishafti kwa cheni. Krankishafti ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Katika injini za zamani majira ya valvu hayabadiliki, gari liwe limesimama Segera likinguruma, au liwe linapanda Bungu na mzigo. Ni sawa na mkulima apandaye tarehe ile ile kila mwaka bila kutazama mvua.

Alfa Romeo ya Italia ilitangulia kuuza gari lenye majira yanayobadilika mwaka 1980. Toyota ilileta mtindo wake katika miaka ya 1990, ukiitwa VVT-i. Herufi hizo huonekana kwenye injini za Noah na Probox nyingi zinazopita kati ya Korogwe na Handeni.

Kazi yake ni hii. Gurudumu la cheni lina uwazi ndani yake, na humo imo rota yenye mabawa, iliyofungwa kwenye kamshafti. Oili ikisukumwa upande mmoja wa mabawa, kamshafti hutangulia kwa nyuzi kadhaa. Ikisukumwa upande wa pili, hurudi nyuma. Kompyuta ya injini hupima mwendo na mzigo, kisha huiamuru valvu ndogo ya umeme ielekeze oili panapotakiwa. Nguvu yote ya kusukuma hutoka katika pampu ya oili.

Gari likiwa limesimama, valvu za kuingiza hewa huchelewa kufunguka, na injini hutulia. Katika mwendo wa wastani huwahi, na petroli huokolewa. Katika kupanda mlima polepole huwahi pia kufunga, ili hewa iliyoingia isisukumwe nje. Mwendo ukiwa mkali sana huchelewa kufunga, ili hewa izidi kuingia.

Injini ikizimwa, pini hufunga rota isichezecheze, na huiachia oili ikipata msukumo. Basi oili ikipungua au pini ikichakaa, mgongano husikika kwa muda mfupi gari linapowashwa. Na chujio la valvu ya oili likiziba, majira hayabadiliki kama inavyopasa, na nguvu hupungua. Ndiyo yaliyotokea Handeni.

Kwa hiyo:

1. Dereva apime oili kila asubuhi kabla ya kuwasha, gari likiwa mahali tambarare.
2. Inunuliwe oili ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari, si ile iliyo rahisi dukani.
3. Katibu aandike tarehe na kilometa za kila badiliko la oili, na kutunza stakabadhi.
4. Kabla ya kuidhinisha injini nyingine, viongozi wadai maandishi ya fundi kwamba amepima msukumo wa oili, amesafisha chujio na kuijaribu valvu yake.

Maswali ya kujadili mkutanoni:

(a) Kwa nini oili chafu hupunguza nguvu ya gari mlimani?
(b) Daftari la gari la chama chenu linaonyesha oili ilibadilishwa lini?

Chama kisichoweza kulijibu swali la pili kianze kuandika leo.