SOMO: MALEZI YA REMMY ONGALA

Ndugu msomaji, ukipanda daladala la Sinza utamsikia konda akiita, "Kwa Remmy, wapo?" Abiria hushuka, lakini vijana wengi hawajui Remmy huyo alikuwa nani. Katika somo hili tutaangalia malezi yake, maana yana jambo la kutufaa sisi tulio na watoto nyumbani.

1. Nyumba aliyozaliwa

Ramadhani Mtoro Ongala alizaliwa mwaka 1947 katika mji wa Kindu, kando ya mto Lualaba, mashariki ya Kongo. Mwenyewe alisimulia kwamba mama yake alikuwa amekwisha kufiwa na watoto wawili, naye mganga akamshauri asijifungulie hospitali, tena mtoto asikatwe nywele. Basi Remmy alikuwa mtoto aliyepatikana kwa machozi.

Baba yake alikuwa mwimbaji, mchezaji na mpiga ngoma za jadi. Muziki ulikuwamo nyumbani kama moshi wa jikoni. Mtoto aliuvuta kabla hajaujua jina.

2. Msiba na kazi

Wazazi wote wawili walifariki yeye angali kijana. Alipobaki yatima, kile alichokipata nyumbani kikawa riziki yake. Alianza kuimba na kupiga ngoma katika bendi ya Bantu Success, na baadaye akashika gitaa.

Siku zile miji ya Kongo ilikuwa ikisikiliza santuri za Cuba, na African Jazz ya Joseph Kabasele, na O.K. Jazz ya Franco. Hivyo kijana huyu alikua kati ya sauti mbili: ngoma ya wazee na gitaa la mjini. Hakuitupa moja kwa ajili ya nyingine.

3. Safari ya Dar es Salaam

Baada ya kupiga muziki Uganda na Kenya, alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akaitwa na mjomba wake Mzee Makassy kujiunga na Orchestra Makassy. Kiswahili hakikumshinda, maana watu wa Kindu nao husema Kiswahili. Baadaye aliongoza Super Matimila.

Watu walicheza, lakini maneno yake yaliwafanya wafikiri. Aliimba juu ya kifo, umaskini na unyonge. Aliyeimba hayo alikuwa ameyaonja. Muziki wake aliuita wa ubongo. Mwaka 1989 sahani yake iliyotolewa Uingereza ilipewa jina la nyimbo za mtu maskini. Katika miaka yake ya mwisho aliimba nyimbo za Injili, akafariki tarehe 13 Desemba 2010.

4. Tunajifunza nini?

Wazee walisema, mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Baba yake Remmy hakuishi kumwona mwanawe akisifiwa Ulaya, lakini alichomwachia hakikuzikwa pamoja naye.

Na sisi je? Mtoto akipiga ndoo uani, twamfokea kwamba ni uhuni. Akiimba, twamwambia akasome. Kusoma ni kwema, ila kipaji hakingoji mpaka mitihani iishe. Tena wengi wetu tumeacha kuimba na watoto wetu. Tumeiachia redio kazi hiyo, kisha twashangaa wakiimba tusiyoyapenda.

Tuwakumbuke pia yatima wa mitaa yetu, wa Temeke na wa Kinondoni. Pengine yupo anayesimama nje ya dirisha wakati kwaya inafanya mazoezi. Aitwe ndani. Asiulizwe kwanza habari ya sare.

Maswali ya kujadili

1. Je, ni wimbo gani uliojifunza kwa mzazi au babu yako? Umemfundisha nani?
2. Je, huzuni yaweza kumfundisha mtu kuwasemea wengine? Toa mfano.
3. Katika mtaa wako yuko mtoto gani mwenye kipaji asiye na wa kumshika mkono? Mtafanya nini mwezi huu?