Kijapani bila mwalimu

Swali: Naongoza watalii Serengeti, naishi Mugumu. Nitajifunzaje Kijapani peke yangu?

Jibu: Anza na hiragana na katakana, herufi za msingi 46 kila moja. Irabu ni tano kama zetu, kwa hiyo matamshi hayatakutesa sana. NHK WORLD-JAPAN, idhaa ya kimataifa ya Japani, ina masomo ya Kijapani yanayoelezwa kwa Kiswahili.

Kisha soma kila siku, hata robo saa. Vipo vitabu vya Tadoku, yaani vya kusoma kwa wingi kwa lugha nyepesi, vya ngazi ya chini, vya bure mtandaoni. Vipakue ukipata mtandao mzuri. Usikimbilie kamusi kwa kila neno: ruka, endelea. Kitabu kikikushinda, chukua chepesi zaidi. Kuna pia kanji, herufi zenye asili ya Kichina; zile rasmi za kawaida ni 2,136. Zizoee ndani ya sentensi, usikariri orodha tupu.