Ganda kuukuu la risasi husomwa kitakoni

Maganda yanayonifikia huletwa na wakulima wa magharibi ya Tabora, upande wa Lulanguru na Itaga. Huko ndiko Wabelgiji na Wajerumani walikopigana Septemba 1916, kabla Wabelgiji hawajaingia mjini tarehe 19. Mimi sichimbi, kwani kuchimbua mambo ya kale bila kibali ni kosa kwa sheria ya 1964. Napokea tu kilichofukuliwa na jembe.

Kwanza usalama, na hapa sina mzaha. Ganda lenye risasi mdomoni, au lenye fataki isiyo na kovu la pini, lisiguswe. Baruti ya miaka mia bado inaweza kuua. Weka alama mahali hapo, watenge watoto, waite polisi. Ninayoandaa ni matupu, yaliyokwisha kupigwa.

Kabla ya kuosha, soma kitako. Ukiona VII pamoja na jina la kiwanda, hiyo ni .303 ya Waingereza. Mwaka nao utazame sana: risasi hizo ziliendelea kutumika Tanganyika miongo mingi baadaye, kwa hiyo ganda la miaka ya 1940 halihusiki kabisa na vita vya 1916.

Urefu hudanganya. Ganda la .303 lina milimita 56 hivi, na la Mauser ya Kijerumani ya 7.92 lina 57. Kinachoyatenganisha ni ukingo. Kitako cha .303 kimetokeza kama kofia, karibu milimita 13.7 kwa upana, cha 7.92 kimelingana na mwili, na kina mfereji tu wa kukamatia. Ganda fupi zaidi, milimita 53, lisilo na ukingo, huenda likawa la Mauser ya Wabelgiji. Lile nene la milimita 60, lenye ukingo mpana, ni la Mauser ya 1871, bunduki ya moshi mwingi ambayo askari wengi wa Wajerumani walikuwa bado wanaibeba.

Hata hivyo, ganda halitaji mpigaji. Baada ya vita vya Tanga, Novemba 1914, Wajerumani waliteka mamia ya bunduki za Waingereza pamoja na risasi zake.

Usafi wenyewe ni wa subira. Maji ya mvua yaliyochujwa, mswaki laini, kijiti cha mwanzi cha kutolea udongo ndani. Ndimu na majivu tunavyosugulia sinia za shaba viwe mbali: asidi hula zinki, ganda likabaki jekundu na dhaifu, na maandishi ya kitakoni yakapotea. Kijani kilichotulia nakiacha. Kisha nalikausha kivulini, tena kabisa.

Kwa kuyapanga natumia ubao wa mninga. Tundu la keekee ya milimita 12.5 hulipokea ganda la .303 likaning'inia kwa ukingo wake, kama lilivyokaa ndani ya bunduki, la 7.92 hupenya na kuanguka, hivyo nalitobolea tundu lisilofika chini, likasimama kwa kitako. Mauser ya 1871 hudai milimita 13.5. Usilazimishe kwa nyundo, midomo yake hupasuka upesi. Gundi sitii. Chini ya kila tundu naandika kwa penseli shamba lilikotoka na siku lililoletwa. Ganda lisilojulikana lilikookotwa nalipanga kwenye ubao wake peke yake.